Femiano, Aliyevua Jezi Namba Tisa Akawa Mjane

Padre, majirani wa Dongorim, ndugu mliotoka mbali, na nyinyi waigizaji mliokaa mstari wa mbele kama mnavyopenda. Familia imeniomba nisome maisha ya kaka yangu. Shemeji yangu Ludovina ameniambia, "Zeferino, usirefushe, na usimseme vibaya." La kurefusha nitajitahidi.

Marehemu Eufemiano Rebello, ambaye wote mlimwita Femiano, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1959 hapa hapa Dongorim, Salcete, Goa, kwenye kile chumba cha nyuma kinachotazama mashamba ya mpunga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Minguel Rebello, mpishi wa melini, na marehemu Piedade. Mama alikuwa akisimulia kwamba Femiano alitoka analia kwa sauti tamu mpaka mkunga akasimama kusikiliza. Mimi nilifuata mwaka na nusu baadaye. Nilipotoka mimi, mkunga alikuwa anakula. Kwa hiyo mjue kwamba mambo haya yalianza mapema.

Alianza shule ya parokia mwaka 1965. Alikaa humo mpaka darasa la tisa, na mimi nikakaa mpaka darasa la tisa, kwa hiyo kwa vyeti tulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba marehemu alikuwa na kipaji cha kumwiga mtu. Alimwiga mwalimu wetu wa hesabu, Sinyora Deodita, jinsi anavyofuta miwani kwa ncha ya sari na kupiga chafya mara mbili mbili. Sinyora alimkamata, akamchapa, halafu akamshika mkono akampeleka ofisi ya walimu. "Hebu rudia, na wenzangu waone." Wiki iliyofuata nikamwiga mimi, chafya hizo hizo, miwani hiyo hiyo. Nikachapwa, na ofisi sikuiona.

Lakini kabla ya yote hayo alikuwa mchezaji wa mpira. Nyinyi vijana mnaomjua kwa tiatri peke yake, kwa nyimbo na vilio vya jukwaani, ulizeni wazee hapo nyuma. Mpunga ukishavunwa na mashamba kukauka, tulikuwa tunacheza juu ya yale mabua yanayokata vifundo vya miguu, na Femiano alikuwa anapita kati ya mabeki kama mtu anayeingia jikoni kwake kuchukua maji. Mguu wa kushoto. Padre Gonsalo, paroko msaidizi wa wakati ule, ndiye alikuwa kocha wetu, na alikuwa akisema kwamba mguu ule Mungu aliutengeneza siku ya Jumatatu, wakati bado hajachoka. Mimi nilikuwa beki wa akiba. Mguu wangu sijui ulitengenezwa siku gani.

Sasa nifike mwaka 1974, maana yote aliyokuwa marehemu, na yote ambayo mimi sikuwa, yalitoka hapo.

Sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, tarehe 20 Januari, iliangukia Jumapili. Asubuhi misa, saa kumi fainali ya mpira dhidi ya Bandolem, jioni tiatri kwenye uwanja wa kikanisa. Na Baba alikuwa yuko nyumbani. Miaka miwili alikuwa baharini, akapata likizo, na baada ya sikukuu alikuwa anarudi melini. Kila mtoto wa baharia hapa anajua maana yake. Utakachofanya siku ile ndicho baba ataondoka nacho. Mimi na Femiano tulikuwa tunalala kitanda kimoja na tunataka kitu kimoja: Baba atutazame.

Tiatri ya mwaka ule ilitungwa na Bab Hortencio, fundi wetu wa cherehani. Ndani yake kulikuwa na mjane kijana. Wasichana mama zao walikataa, kama walivyokuwa wanakataa kila mwaka, kwa hiyo mjane lazima awe mvulana. Bab Hortencio alikuwa amemsikia Femiano kwenye mazishi ya shangazi yetu mmoja akiwaiga wanawake wanavyolia, huyu kwa pua, yule kwa kifua. Watu walimkasirikia. Bab Hortencio yeye alimpa kazi.

Wiki moja kabla ya sikukuu tuko mazoezini, Bab Hortencio akaja na utepe wake wa kupimia shingoni.

"We Femiano, njoo hapa."

"Nakuja, Bab, tunamalizia."

"Njoo sasa hivi. Onyesha magoti."

Femiano akaonyesha. Yalikuwa yamechunika yote mawili.

"Mjane gani huyu mwenye magoti ya mchunga nyati? Pazia likifunguka mara ya tatu unapiga magoti mbele ya jeneza, sketi inapanda, watu wanaona nini? Na sauti! Saa kumi unapiga kelele 'pasi, pasi', jioni utalia na nini, na filimbi?"

Padre Gonsalo akaingilia. "Hortencio bwana, ni mechi moja tu."

"Na mimi nina mjane mmoja tu, Padre. Achague."

Wote tukamtazama. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto wa miaka kumi na minne Salcete hii, umwambie achague kati ya fainali na sketi, unategemea nini? Femiano akavua jezi palepale. Akaikunja, yeye ambaye nyumbani hajawahi kukunja hata leso, akampa Padre.

"Mwanangu," Padre akasema, "unaacha namba tisa kwa ajili ya sketi?"

"Padre, na wewe umevaa kanzu."

Padre akamwangalia, akaiangalia kanzu yake ilivyojaa vumbi, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya mpira. Halafu ile jezi akaitupa pembeni bila kuangalia, nikaidaka mimi. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa timu ya Dongorim. Nilikuwa karibu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, "Femiano, una akili wewe? Baba yuko!"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Uwanjani tuko wengi, mdogo wangu. Baba atatazama mpira. Mimi sitaki atazame mpira."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba sasa namba tisa ni yangu, na nafasi ni yangu, na Baba ni wangu.

Siku ya fainali Baba alikuja na kiti chake, akakiweka kwenye mstari karibu na kona. Kipindi cha kwanza nilikuwa namwona kila nikigeuka. Jezi ilinifika magotini, watu wa Bandolem wananiita padre mdogo, lakini nilikuwa namwona Baba. Mechi ikaenda bila bao mpaka mwishoni. Ikapigwa kona, mpira ukagonga vichwa viwili, ukatua mbele yangu. Nikaupiga kwa mguu wa kulia, nikaanguka chali, na nikiwa chini nikaona wavu unacheza. Bao. Bao la ubingwa wa Mtakatifu Sebastiani, mwaka 1974, Dongorim moja, Bandolem sifuri. Limefungwa na Zeferino Rebello. Nalisoma polepole kwa sababu sijawahi kulisikia likisomwa mahali popote.

Nikainuka, nikatazama kona. Baba hayupo. Na kiti hakipo. Alikuwa amekibeba.

Nyote mnajua desturi ya hapa: kwenye tiatri kila familia inakuja na viti vyake, na anayechelewa anatazama migongo ya watu. Bab Hortencio alikuwa ametuma mtu, "Mwambieni Minguel awahi, mwanawe anatoka pazia la kwanza." Baba akawahi.

Wenzangu walinibeba mabegani na kikombe, tukazunguka kijiji kizima tukiimba, na kijiji kizima hakuna mtu. Wote wako kikanisani. Tuliwaimbia mbwa na mama mmoja mgonjwa. Nikarudi nyumbani, nikakaa barazani na vumbi langu. Kule uwanjani nikasikia bendi imenyamaza. Watu nao wakanyamaza. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia, watu mia tano wanalia kwa pamoja. Na walipomaliza kulia wakaanza kupiga kelele, "Rudia! Rudia!" Kwetu tiatri ina sifa moja tu kubwa na ndiyo hiyo. Wimbo ukiwagusa, kilio kikiwaingia, watu wanakataa mchezo usiendelee mpaka urudie. Walimrudisha. Nikasikia kile kilio mara ya pili, na mara ya tatu. Kwenda kutazama sikwenda.

Baba alirudi macho mekundu. Akakaa karibu yangu.

"Kaka yako ameniliza," akasema. Halafu akaona kile kikombe. "Hiki cha nani?"

"Cha timu."

"Kizuri," akasema, akaingia ndani kulala.

Basi huo ndio ulikuwa uchaguzi wa marehemu, na hakuwahi kurudi nyuma. Mwaka 1978 alijiunga na kikundi kimoja cha Margao. Akaigiza Bombay, akaenda Kuwait mara nne, akaenda mpaka London kuwaliza Wagoa wa kule wasiokumbuka hata ladha ya samaki wa kwao. Aliigiza wajane mpaka ndevu zikamshinda, akawa mama mkwe, akawa mwenye shamba mkorofi, na miaka ya mwisho akawa mlevi, yule mlevi mliyempenda wote. Kaseti zake zilikuwa zinalia katika kila duka la mikate kutoka hapa mpaka Vasco.

Mimi nilicheza beki wa Dongorim miaka kumi na tisa, kisha goti likakataa. Ninatengeneza pampu za maji. Ninaingia nyumba za watu Salcete nzima, na kila nyumba ni yaleyale. "Rebello? Wa Dongorim? Una undugu na Femiano?" Bibi mmoja wa Chinchinim alikataa kunionyesha kisima kilipo mpaka nilie kidogo kama kaka yangu. Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwa beki." Akasema, "Maskini." Miaka yote hiyo nilimwalika Femiano aje anione nikicheza, japo mara moja. Lakini mpira ni Jumapili saa kumi, na tiatri ni Jumapili saa kumi. Hakuwahi kuja. Na mimi, niseme kweli, tiatri zake nilizitazama zote kwenye maonyesho ya usiku, isipokuwa ile ya kwanza, na kila nikitoka nilikuwa nahesabu kichwani watu waliosimama kumpigia makofi. Siku watu wakiwa wachache nilikuwa nalala vizuri.

Marehemu alifunga ndoa na Ludovina Faleiro wa kijiji cha Raia tarehe 27 Desemba 1986. Ludovina, samahani shemeji, lazima niseme. Kaka yake alikuwa kipa wa Raia, na yeye Ludovina alikuwa anakuja uwanjani kumtazama. Mimi ndiye niliyezungumza naye kwanza. Mimi ndiye niliyemnunulia karanga. Na mimi, kwa akili yangu yote, ndiye niliyempeleka tiatri. Femiano siku hiyo alikuwa bibi kizee asiye na meno. Ludovina akanishika mkono, nikafurahi. Akaniuliza, "Yule bibi ni nani?"

"Ni kaka yangu."

"Ameoa?"

Nilikuwa msimamizi wao wa ndoa. Mke wangu Albertina yuko hapa, ananiangalia, kwa hiyo niseme haraka kwamba Mungu hakukosea.

Walijaliwa watoto wawili, Perpetua na Lisandro. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopata kitu changu. Lisandro alipofika miaka kumi na mitatu, baba yake akamwandikia nafasi nzuri jukwaani. Kijana akasema hataki, anataka kuwa beki. Akaja kwangu nimfundishe. Femiano alikuja nyumbani kwangu amefura.

"Zeferino, umeniibia mtoto."

"Achague mwenyewe," nikamwambia. "Si ndiyo desturi ya nyumba hii?"

Akageuka akarudi kwake. Wiki nzima nilitembea nikipiga miluzi.

Julai mwaka jana marehemu alianza kukosa pumzi. Yeye alidhani ni uzee wa mlevi anayemwigiza. Madaktari wakakuta ni saratani ya mapafu, ya mtu ambaye sigara alivuta jukwaani tu. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena, akalazwa. Wageni walikuwa hawaishi. Wauguzi walikuwa wanawapanga watu foleni kama mlangoni kwa tiatri.

Tarehe 20 mwezi uliopita, sikukuu yetu, wote mlikuwa hapa kijijini, na mimi nikaenda kukaa naye. Kwa mara ya kwanza wodi ilikuwa na utulivu. Yeye, mimi, na Mzee Kamat wa kitanda cha pili aliyevunjika nyonga. Mchana huo nikamuuliza kitu nilichokaa nacho miaka arobaini na mbili.

"Femiano. Ile siku, yule mjane. Ulifanyaje?"

"Hukuona?"

"Nilikuwa nyumbani. Nimejaa vumbi."

Akanitazama sana. Halafu akavuta shuka la hospitali akalitia kichwani. Mtu asiye na pumzi ya kumaliza bakuli la uji. Hakulia kwa sauti, sauti haikuwepo. Alinyoosha tu mkono kama anayemfunga maiti kifungo cha shati, na kile kifungo kikawa hakifungiki, akajaribu tena, hakifungiki. Basi. Ni hivyo tu. Mzee Kamat akageukia ukutani. Mimi sikulia. Macho yaliniwasha tu, walikuwa wamepiga deki kwa ile dawa kali.

"Na wewe," akasema akivua shuka, "nionyeshe bao."

"Bao gani?"

"Zeferino. Bao gani! Umelisimulia kila harusi."

"Hapa wodini?"

"Baba hakuliona, mimi sikuliona. Mzee Kamat, umewahi kuliona?"

"Bado," akasema Mzee Kamat.

Nikachukua chungwa kwenye sahani yake. Goli likawa kati ya stendi ya dripu na pipa la taka. Mimi, mtu wa miaka hamsini na minne, goti bovu, nimevaa soksi. Nikasimama pale mpira ulipotua. Nikamwambia hapa kona inapigwa, hapa vichwa viwili, mimi niko hapa, jezi imenifika hapa. Na nikiinua macho ananitazama. Hatazami chungwa. Ananitazama mimi, ametulia kama mtoto aliyeletwa tiatri mara ya kwanza. Nikapiga. Nikaanguka chali. Chungwa likaingia chini ya pipa.

Halafu nikasikia sauti ndogo, ya kukwaruza.

"Umeanguka mapema mno."

"Ndivyo nilivyoanguka!"

"Basi siku ile ulianguka vibaya." Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. "Rudia."

Nyinyi waigizaji mnalijua neno hilo, mmeshaambiwa mara nyingi mpaka halina ladha. Sisi wa mpira hatuambiwi. Bao likishaingia limeingia, hakuna anayekuomba ulifunge tena. Nikarudia. Akasema tena rudia. Safari hiyo akaanza kutoa sauti ya watu wa Bandolem wakizomea, na Mzee Kamat akawa refa, na nilipofunga tukapigiwa makofi mlangoni. Nikageuka, nikaona wauguzi watatu na mfagiaji. Nikainama kidogo kushukuru. Mmoja akasema, "Jamani huyu Femiano, hata kitandani ni Femiano!"

Ndivyo alivyokuwa.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu. Madaktari walisema hatamaliza wiki ya Kanivali, lakini walikuwa hawamjui. Kanivali ni msimu wa kazi, waigizaji wote wako barabarani, nani angekuja kumzika? Akasubiri. Akapokea majivu siku ya Jumatano, na kesho yake, Alhamisi tarehe 11 Februari 2016, saa tano asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa kwa Ludovina. Kwaresima hakuna tiatri popote Goa. Ndiyo maana leo mmejaa hivi, vikundi vyote, na wenye magari wameegesha mpaka kwenye uwanja wa mpira. Mtu anafariki, na bado anajaza viti.

Marehemu ameacha mjane, Ludovina. Binti, Perpetua, na mumewe Osvaldo. Mwana, Lisandro, beki wa Dongorim. Na mjukuu mmoja, Irineu, ambaye ana miaka minne na tayari anamwiga Padre, naomba Padre usiulize anavyomwiga. Ameacha shemeji yake Albertina na wanangu, waliompenda kuliko walivyonipenda mimi, na hawakujisumbua kuficha.

Na ameniacha mimi, mdogo wake.

Kaka, leo ndiyo mara ya kwanza mimi na wewe tuko mbele ya watu pamoja. Mimi nimesimama, ninasema. Wewe umelala, umenyamaza. Nimeinua macho kutoka kwenye karatasi hii kila ukurasa nione wananitazama au la. Wote wanakutazama wewe.

Basi mtazameni. Na mimi ninamtazama yeye.

Mungu ampokee, na amani iwe juu ya usingizi wake.